Mdomo wa Boke Mkutanoni

Mwenyekiti Waitara alikuwa katikati ya hotuba ya shamba la pamoja, Boke akamcheka. Hivyo ndivyo alivyoona Mwenyekiti, na pale kijijini Robanda mwaka ule alichoona Mwenyekiti ndicho kilichokuwa.

Kumbe Boke hakucheka. Mdomo ulimponyoka tu, ukaenda zake kushoto.

Mumewe, Mwikwabe, akashtuka. Daktari wa Mwanza aliyemtibu Boke saratani ya damu alishawaonya: damu imetulia, ila ugonjwa huu hupenda kupanda kichwani ukajificha kwenye maji ya ubongo. Mdomo ukipinda, au akiona vitu viwili viwili, msilale nyumbani.

"Unaonaje, mama Rubeni?"

"Naona wenyeviti wawili."

"Yarabi! Huyo mmoja tu ametushinda."

Siku hizo hutoki kijijini bila barua ya Mwenyekiti yenye muhuri. Waitara akasema, "Aombe radhi kwanza, hadharani."

Boke akaomba. Kadiri alivyojikaza, ndivyo mdomo ulivyozidi kwenda upande. Watu wakaangua kicheko.

"Ananikebehi tena!" Waitara akatia muhuri mfukoni, akaenda zake semina wilayani.

Siku ya tatu Mwikwabe akasema liwalo na liwe. Wakadandia lori la pamba la dereva Swaleh. Kwenye kizuizi, mgambo akauliza, "Barua?"

Boke akatoa uso dirishani. "Hii hapa, mwanangu. Isome."

Mgambo akatazama jicho la kulia lisilofumba, machozi yakichuruzika, akainua mti. "Piteni, mama. Mimi sijawaona."

Mwanza, daktari alimlaza ubavu, magoti kidevuni, akamchoma sindano kati ya pingili za mgongo, akatoa maji, akaingiza dawa. Boke akamtukana kwa Kikurya chote alichonacho. Sindano zikarudiwa wiki hadi wiki, mpaka mdomo ukarudi mahali pake na vitu vikawa kimoja kimoja.

Jicho la kulia halikurudi. Lilikuwa limekauka kwa kukosa kufumba, likaingia ukungu.

"Mngekuja siku ile ile," daktari alisema, "ningelifunika, likapona."

"Siku ile muhuri ulikuwa semina," Mwikwabe akasema.

"Semina ya nini hiyo?" Boke akauliza kitandani.

"Ya afya ya wananchi," Mwikwabe akajibu, akamdondoshea dawa jichoni, ingawa daktari alishasema haina kazi tena.