Kuta za Baba

Mvua za mwaka ule ziliingia mpaka sebuleni, na maji yalipotoka, joto likashika zamu. Chini ya mabati yale mtu alikuwa anaiva mchana kutwa. Kaka mkubwa akasema basi, nyumba ibomolewe, ijengwe mpya ya zege, kila chumba kiwe na kiyoyozi.

Kitinda, binti wa mwisho na mwashi wa familia, alimtazama baba yao. Mzee alikuwa haoni, miaka mingi sasa. Vidole vyake vilitulia ukutani, kwenye kona ya kuelekea jikoni.

"Ukibomoa, kaka, baba atapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe," alisema. "Kuta hazina ubaya. Matofali haya yalishachomwa, kuni zilishateketea. Ya nini tuchome mengine?"

"Na joto?"

"Lina dawa, na dawa yake haili umeme."

"Haya, fundi. Ukikwama usinitafute." Lakini Jumamosi alikuja mwenyewe, suruali ameikunja, ndoo mkononi.

Mzee akahamia kwa jirani. Wakainua sakafu kwa kifusi cha ukuta wa uani uliobomolewa na mafuriko, wakapandisha milango na paa, wakatandaza dari ya mianzi, mabati wakayapaka rangi nyeupe. Kitinda alifungua madirisha mapana yanayotazamana, ila hakuhamisha mlango wala kona.

Siku ya kurudi, mzee alikwama kizingitini. Mguu wake ulikuwa umekuta ngazi asizozijua.

"Umenileta kwa nani, mwanangu?"

Kitinda alikuwa amewaza maji, jua na upepo, ngazi hakuzitaja hata siku moja. Akamshika baba yake kiwiko, wakapanda pamoja, kisha akauweka mkono wa mzee ukutani.

Mzee alipapasa taratibu, akapita mlango wa chumbani, akafika ile kona ya jikoni. Vidole vyake vikatulia hapo.

"Ni kwetu," alisema. Kisha akageuza shavu. "Huu upepo je?"

"Dirisha, baba. Liko usawa wa kitanda chako."

Kitinda alikaa chini apumue kidogo, usingizi ukambeba na vumbi lake. Mzee akamtafuta kwa mkono mpaka akakipata kichwa chake, akaketi kando yake. Kaka alipoingia akiita kwa sauti, mzee aliinua kidole.

"Polepole," alinong'ona. "Fundi wangu amelala."