Fulana ya Mwalimu

Mbio zilikuwa za viziwi, kwa jina. Waliotangulia mbele, wakipigwa picha tangu mtaa wa Hai Jalaba mpaka Nyakuron, hapa Juba, walikuwa watu wa maofisini wenye masikio yao mazima, na viziwi wenyewe walifuata nyuma na fulana zinazowapwaya. Haya, tuseme ni shughuli. Night, mmoja wa hao viziwi, hakujali nani yuko mbele. Alikimbia huku moyo ukimdunda kwa jambo moja tu: leo, mwisho wa mbio, Dunstan wa shirika lililoandaa mbio angemtangaza mwalimu wa darasa jipya la viziwi, kazi ya mshahara, na kama haki ingali ipo duniani, mwalimu huyo ni yeye.

Nani mwingine? Masikio yake yalizibwa na homa akiwa na miaka tisa, wazazi wake wakiwa wakimbizi Uganda. Waliporudi Juba, alikuta watoto viziwi wa mtaa wa Kator wanafungiwa ndani kama mbuzi wagonjwa. Akawakusanya uani mwa kanisa, akawafundisha lugha ya alama miaka saba, bure, kwa chaki za kuomba. Hata Teopista, yule Mganda anayepika chapati pale jirani, alifundishwa na Night, alama kwa alama, mpaka akawa mdomo wake mbele ya wanaosikia. Walikula sahani moja. Night alimwita dada, na kweli alimpenda.

Jukwaani, Dunstan akampa Night nafasi ya kusalimia watu. Night hakusalimia. Aliinua mikono, akasema bila kuzunguka: "Darasa hili nililianzisha mimi. Fulana hailiwi. Nipeni kazi. Kiziwi afundishwe na kiziwi mwenzake."

Teopista akashika maikrofoni, akatafsiri. Umati ukatabasamu. Wakainua mikono wakaitikisa hewani, maana asubuhi walifundishwa kwamba ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Lakini wanafunzi wa Night, waliosimama mstari wa mbele, hakuna aliyetikisa hata kidole. Walikuwa wamemkodolea macho Dunstan, wanangoja jibu. Night akawaangalia hawa, akawaangalia wale. Mtu anadai haki yake, watu wanachekelea? Hapo akang'amua. Aliyoyasema Teopista hayakuwa maneno yake.

Dunstan akampigapiga begani, kama mtu anayemshukuru mtoto kwa wimbo, kisha akafungua mfuko, akatoa fulana, akamvisha Teopista. Kifuani imeandikwa MWALIMU. Kumbe ilikwisha kuchapishwa, jamani! Imekunjwa, imepigwa pasi, na watu wanakimbizwa juani kungojea tangazo. Teopista akatazama chini.

Shukrani ya punda, mateke. Night akampokonya Teopista maikrofoni. Sauti alikuwa nayo. Aliifungia tangu utotoni kwa sababu watu waliicheka. Leo akaifungua. "Mwalimu ni mimi!" akapaza. "Amewadanganya! Mwalimu ni mimi!"

Mara mbao za jukwaa zikaanza kutetemeka chini ya nyayo zake, dum, dum, dum. Mabega ya watu yakaanza kucheza. Walikuwa wamemfungulia muziki! Alikuwa ametoa sauti yake ile ya aibu, na wenye masikio hawakuisikia. Wanafunzi wake nao walimtazama mdomo wasiambulie kitu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania maikrofoni. Uchungu uliomshika hapo, usiombe ukushike.

Teopista akamfuata nyuma ya jukwaa, fulana bado mwilini. Akainua mikono, akasema kwa alama. "Malesh, dada, nisamehe. Walisema mwalimu lazima aweze kupokea simu za ofisi. Ningekataa, wangemchukua mtu asiyewajua watoto."

Night akanyooshea kidole lile neno MWALIMU.

"Usininunie. Jumatatu naanza. Uje ukae karibu nami darasani. Alama za hesabu bado zinanishinda, na wewe unajua, bila wewe siwezi."

Hakukosea hata alama moja. Vidole vilikaa pale pale Night alipomwonyesha vikae, uso ukifuata maneno, kila kitu sawasawa. Alikuwa mwanafunzi mzuri, huyu. Night aliitazama ile mikono, ikaanza tena: dada, tafadhali, dada. Basi akafumba macho, akamwacha aseme peke yake.