Kakimbia Sinaw

Nyumba yetu ya Ibra ina Kiswahili cha aina tatu. Kipo cha Bi Badriya, alichotoka nacho Unguja akiwa msichana, na tangu hapo hakikuguswa na kitu: hospitali kwake ni spitali na gari ni motokaa, hata hii mpya ya mwanawe inayojiegesha yenyewe. Kipo changu mimi Kuruthum, mtumishi wao, cha Pangani, ambacho yeye husema kina mchanga kama mchele wa dukani. Halafu kipo cha huyo mwanawe, Bwana Khalaf. Hicho ni Kiswahili cha kuombea chai.

Bwana Khalaf kazaliwa hapa hapa Omani. Ana cheo ofisini Nizwa, anazungumza Kiarabu cha kwenye redio na Kiingereza cha puani, lakini Kiswahili alikipata kwa kukemewa na mama yake tu. Kwa hiyo anayajua maneno ya kukemea: njoo, kaa, nyamaza, usishike, usikimbie. Hilo la mwisho ndilo lililonitia ndani.

Kwetu pwani mtu haendi dukani, hukimbia. "Hebu kimbia uniletee ndimu," anakwambia mama, nawe unatembea pole pole, unasimama kusikiliza ugomvi wa watu, unarudi jua limehama, na bado unahesabiwa umekimbia. Hakuna mtoto wa pwani asiyelijua hilo. Lakini Bwana Khalaf si mtoto wa pwani.

Basi ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Sinaw. Bi Badriya aliamka na hamu ya papa mkavu, na hamu ya Bi Badriya ni amri ya serikali. Jirani yetu Balqis huenda Sinaw kila Alhamisi kununua majani ya mbuzi wake, akanichukua. Balqis anaendesha gari kama mtu mwenye ugomvi na barabara. Mimi nilikuwa nimefumba macho nasoma Ayatul Kursiy wakati Bwana Khalaf anapiga simu nyumbani kutoka Nizwa.

Maneno yao niliyapata baadaye, tena kwa Bi Badriya mwenyewe, aliyekuwa akiyasimulia bila kuona amekosea wapi.

"Mama, Kuruthum wapi?"

"Kakimbia Sinaw."

"Kakimbia?"

"Ee, kakimbia na Balqis. Asubuhi na mapema, hata chai hakunywa."

Kisha akakata simu. Bi Badriya haagi kwenye simu. Akishamaliza kusema lake, mazungumzo yamekwisha.

Nimwonee huruma Bwana Khalaf. Miezi ile ukaguzi ulikuwa umepamba moto. Kila siku habari za vikosi, za watu waliokutwa bila vibali, za kafili, tajiri mdhamini, aliyejitia matatani kwa kunyamaza mtumishi wake alipotoroka. Naye ni mtu wa sheria. Huyu akiona taa nyekundu jangwani atasimama amngoje ngamia apite. Alimpigia tena mama yake, simu haikupokelewa, maana Bi Badriya alikwisha kuingia kuswali. Akafungua simu yake ya kisasa, akatuma taarifa kwamba mfanyakazi wa nyumba yao ametoroka. Kazi ya haraka, safi. Laiti angekuwa mvivu kidogo!

Mimi huku nimeshashika papa wangu, mkavu kama ubao, ananuka hata mbuzi wanageuza shingo. Mara soko likapasuka. Wakaguzi hao! Muuza nyanya akaruka meza yake mwenyewe. Fundi mmoja alitoka mbio na futi ya kupimia shingoni, kamwacha bedui wa watu kasimama mikono juu, nusu kapimwa. Nikamwona mtu mzima amejibanza baina ya ngamia wawili, na ngamia hawakumpenda.

Mimi nilisimama wima kama bibi harusi. Nikimbie nini? Kadi yangu ya ukaazi ninayo, imekatwa upya juzi. Nilimpa askari kwa vidole viwili, na tabasamu juu.

Akaitazama kadi, akatazama chombo chake cha kusomea kadi, akanitazama mimi.

"*Hariba*," alisema. Mtoro.

Nikacheka. Naapa nilicheka! Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba chombo chake kimeshikwa na joto. Yeye hakucheka. Balqis alipiga kelele mpaka shela ikamteremka mabegani, kwamba huyu ni wa nyumba ya Badriya, nimemleta mwenyewe kwa gari yangu. Askari akamwuliza kwa adabu kama anajua kumchukua mtoro kwenye gari ni kosa. Balqis akairudisha shela yake kichwani. Mimi nikapandishwa basi, na papa wangu.

Pale ndipo kicheko kiliponikauka. Nina mapacha Pangani, wako kwa mama yangu, na wote watatu wanakula kwa mkono huu. Mtu akirudishwa kwao kwa jina la mtoro, mlango wa kurudi hufungwa nyuma yake. Halafu na bibi yangu wa Ibra? Nani atamkanda miguu, na nani atamjibu kwa lugha yake? Nyumba nzima ile, ukiniondoa mimi, Bi Badriya anazungumza na televisheni.

Chumba walichotuweka kilikuwa na wanawake wa kila nchi, na papa mmoja. Kwa kweli papa aliwekwa stoo na mizigo mingine, lakini harufu haina kufuli. Jumamosi askari wa zamu alikuja mwenyewe, kashika pua, ananiomba ruhusa amtupe. Nikamwambia huyo ni amana ya mtu mzima, sina uwezo naye.

Aliyenipisha pa kukaa aliitwa Hadiya, wa Kilifi, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha.

"Wewe wasema hukutoroka?" aliniuliza.

"Sikutoroka."

"Humu ndani hakuna aliyetoroka, dada. Tumekuja kutembea tu. Piga simu kwa tajiri wako."

Niliporuhusiwa simu, Hadiya alikuwa nyuma yangu. Bi Badriya akapokea.

"Kuruthum! Uko wapi wewe? Papa yuko wapi?"

"Bibi, nimekamatwa. Wanasema nimekimbia."

"Si ndiyo umekimbia, mwanangu? Nami ndiye nilomwambia Khalaf."

Nilishika ukuta. Hadiya alikuwa amesikia, maana Bi Badriya haamini kwamba simu inapeleka sauti, hupiga ukelele isaidiwe. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Maskini! Wewe umekimbia kwa Kiswahili, wamekuandika kwa Kiarabu! Mimi nilikimbia kwa lugha zote mbili, angalau nilifaidi."

Ijumaa na Jumamosi ofisi zimefungwa, hapakuwa na la kufanya ila kusikilizana. Hadiya alikuwa akifanya kazi nyumba tatu kwa mshahara wa moja: ya tajiri wake na za dada wawili wa huyo tajiri. Akatoroka. Tajiri akamfuata, akamsamehe mbele za watu, na watu wakamsifu kwa moyo wake mwema.

"Basi nikarudi na huo msamaha wangu," alisema. "Tangu siku hiyo, nikisema naumwa, 'Mwongo, si ndiye aliyekimbia?' Kijiko kikipotea, nani? Si ndiye aliyekimbia? Nikatoroka tena, nikaenda Bidiya, nikawa nafua mashuka ya watalii kwenye kambi kule mchangani, mpaka wakaguzi walipokuja kunichukua. Sikiliza, Kuruthum. Bwana wako akija, atataka kukusamehe. Ni rahisi kwake. Usikubali."

"Nisikubali kutoka humu?"

"Usikubali kusamehewa. Kusamehewa ni kwa aliyekosa."

Nililala na neno hilo likinichoma ubavuni. Ni rahisi kutoa shauri kama hilo, mtu mwenyewe keshakata tamaa. Mimi nilikuwa na tamaa zangu zote.

Jumapili wakaniita. Nyuma ya meza alikuwa ofisa wa kike, kijana, Luteni Azza. Bwana Khalaf alikuwa amekaa, dishdasha imepigwa pasi hata inakata. Pembeni Bi Badriya na bakora yake, kajifunga buibui la zamani kama anakwenda maulidini. Aliponiona alitaka kuinuka, magoti yakamkatalia.

Bwana Khalaf alisema kwa Kiarabu, macho kwenye meza: "Mwanamke huyu amefanya kazi kwetu vizuri. Yaliyotokea yametokea. Mimi nimemsamehe, nataka arudi nyumbani."

Luteni akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mlango ule pale. Ningesema ahsante, ningelala kitandani kwangu usiku ule.

"Bwana Khalaf," nikasema, na sauti yenyewe ilitoka kama ya mtu mwingine, "nashukuru. Lakini sitaki."

"Hutaki nini?"

"Kusamehewa. Sikukosa."

Akageuka mwekundu. "Mimi toka Nizwa alfajiri," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi saidia wewe. Wewe sema hutaki?"

Bi Badriya aligonga bakora sakafuni. "Kwani kafanya nini hata umsamehe? Mimi ndiye nilompeleka! N'likwambia kakimbia Sinaw, hukusikia?"

"Mama! Kakimbia ni *hariba*!"

"Kakimbia ni kakimbia! Kenda mara moja! Ulipokuwa mdogo n'kikwambia kimbia kwa baba yako, ulikuwa ukitoroka nchi?"

Pakatokea sauti ya ajabu. Luteni Azza amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika. Alipopata pumzi alisema, kwa Kiswahili chepesi cha kubahatisha: "Shikamoo, bibi. Bibi yangu mimi yuko Sur. Kila siku aniambia, 'Azza, kimbia dukani.' Mimi nakwenda na gari."

"Marahaba, mjukuu wangu! Wa nani wewe?"

Hapo kazi za serikali zilisimama. Yakapitiwa majina, mitaa ya Unguja, nani kaolewa na nani na kwa nini hakufaa, mpaka ikathibitika kwamba bibi wa luteni na Bi Badriya walichanjwa ndui kwa nesi mmoja. Bwana Khalaf alikaa baina yao kama mgeni harusini asiyejua upande wake.

Kisha luteni akarudi kwenye Kiarabu, na uso wake wa kazi. Akaeleza kwamba yeye ameelewa, lakini kuelewa kwake hakufuti kitu. Bwana Khalaf akisema amesamehe, kesi inafungwa, nami nitabaki mtu aliyetoroka akasamehewa. Kama taarifa yenyewe ilikuwa ya makosa, basi aliyeituma aseme hivyo, kwa mdomo wake, na jina lake liandikwe kwenye kosa.

Ana cheo, huyu. Wako watu Nizwa wanaosimama akipita. Nilimtazama nikaona wazi anapima: jina lake, au la mpika papa.

Bi Badriya hakumgombeza tena. Alimtazama tu mwanawe, akangoja.

"Andika," alisema Bwana Khalaf. "Nilikosea. Hakutoroka. Mama yangu alizungumza nami kwa lugha yake, nami sikumwelewa." Halafu akaongeza, sijui kwa nani, "Nina miaka hamsini na mbili, na simwelewi mama yangu."

Bi Badriya alikohoa, akatafuta leso kwenye buibui. Kiarabu chake ni kile cha sala na cha sokoni. Sidhani kama alilishika kila neno, lakini mama ni mama.

Kabla ya kuondoka niliomba kumuaga Hadiya. Luteni akaniruhusu mlangoni.

"Nimekataa," nikamwambia.

"Mwongo!"

"Wallahi nimekataa. Wamefuta."

Alipiga mapaja, akawatafsiria wenzake kwa ishara na kwa Kiarabu cha kila nchi, na chumba kizima kikapiga makofi, hata wale wasiojua kilichotokea. Nilimwambia luteni asikilize habari ya nyumba tatu, na akasema ataisikiliza yeye mwenyewe. Lakini Hadiya alikwisha kujua atasafirishwa tu. Ana mtoto alimwacha ananyonya, sasa anasoma. "Afadhali nikaone kama ananijua," alisema. Nikamvua mtandio wake uliochanika nikamfunga wangu. Sikuwa na kingine. Alichonipa yeye sina mizani ya kukipima, na kila sala ninamtaja, kwa jina lake na la Kilifi yake, malaika wasije wakachanganya.

Tulipoingia Ibra mtaa ulikuwa umefifia, wakaguzi wamepita huko nako. Duka la fundi cherehani limefungwa, kinyozi hayupo, na kwa muuza mikate mwenye duka mwenyewe, mtu mzima, alikuwa akihangaika na tanuri asiloliweza. Nyumba ya pili kutoka kwetu mtoto analia, yaya wake kachukuliwa naye hajui kulala kwa mkono wa mama yake. Balqis alitoka mbio na mdalasini na halua, akanikumbatia, akalia, akaniambia nanuka. Nikamwambia ni amana. Nilimshukuru Mungu kwa kila jiwe la mtaa ule, na nikaona haya kidogo kushukuru peke yangu.

Bi Badriya alipokwisha kuingizwa ndani, Bwana Khalaf alibaki amesimama mlangoni pa gari, anachezea funguo.

"Kuruthum," akasema. "Wewe, mimi... samehe?"

"Bwana Khalaf," nikamwambia, "ule msamaha ulioniletea asubuhi sikuutumia. Upo mzima vile vile, haukuguswa. Uchukue wewe."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alicheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kicheko kibaya, cha mtu asiyekuwa na mazoezi.