Ndiyo ya Belmiro

Zoezi la mafuriko lilikuwa lifanyike Oktoba, kabla ya mvua, lakini vizibao vya kamati vilichelewa kufika kutoka Beira, likasogezwa mpaka Desemba. Jumamosi hiyo jua lilikuwa kali na mto Buzi umetulia. Felizarda Simango alikaa kwenye baraza ya shule, simu ya upepo mapajani, akijikumbusha walivyokubaliana: kila ujumbe wa leo uanze na neno "zoezi".

Juu kabisa ya mto, mwendo wa nusu siku, alikuwako Belmiro, msoma kipimo cha mto. Kazi ya Felizarda ilikuwa kupokea habari zake na kumpelekea mwenyekiti wa kamati, Mzee Zefanias. Huyo peke yake ndiye aliyeruhusiwa kupandisha bendera nyekundu.

"Zoezi, zoezi. Maji mita nne." Felizarda akaandika.

"Zoezi. Mita tano." Akaandika tena. Uwanjani mama mkwe wake, Quitéria, aliyepangiwa kuvunjika mguu katika zoezi, alikuwa amelala kwenye machela akilalamika kwamba wabebaji wameenda kunywa chai.

Ujumbe wa tatu ukaja kwa kasi. "Mita sita na nusu, yanapanda! Narudia, yanapanda!"

Felizarda alilisubiri lile neno. Halikuja.

"Belmiro, hili ni zoezi au ni kweli?"

Simu ikakwaruza. "Ndiyo," Belmiro akasema. "Ndiyo, ndiyo!" Kisha kimya. Aliita mara nne, hakujibiwa.

Akamkimbilia Mzee Zefanias, aliyekuwa na ratiba ya zoezi mkononi.

"Karatasi inasema mita sita," mzee alisema.

"Yeye kasema sita na nusu. Na hakutaja zoezi."

"Kasahau. Belmiro namjua, anapenda kutia chumvi."

"Nilimuuliza, mzee. Akasema ndiyo."

"Ndiyo zoezi, au ndiyo kweli?"

"Ndiyo tu."

Mzee akamtazama, akaitazama karatasi, akamtazama tena. "Sasa hiyo ni habari gani unaniletea?"

Felizarda akashuka mtoni kujionea. Wanawake walikuwa wanafua, maji yamewafika vifundoni. Mto ule ule wa jana. Lakini maji ya juu hayafiki papo hapo, hilo alilijua; mwaka wa kimbunga yeye na Quitéria walikaa siku mbili juu ya paa la ghala wakitafuna mahindi mabichi. Akisema ni kweli na isiwe, nani atamsikiliza siku nyingine? Akisema ni zoezi na maji yakaja? Aliporudi uwanjani akachukua kipaza sauti, na mdomo ukafunguka kabla hajaamua.

"Jamani, nimepokea habari kwamba maji yanapanda. Sijui kama ni zoezi. Nimeuliza, nikajibiwa jibu lisiloeleweka. Mimi naenda kuchukua mbuzi wangu na mbegu zangu."

Watu wakaangua kicheko.

"Dada, umepewa kipaza uje kutuambia hujui?" alipiga kelele Armindo, fundi baiskeli. "Mpeni mwingine!"

Quitéria akainuka kwenye machela na bandeji yake mguuni. "Cheka wewe. Mkwe wangu akisema anajua, huwa nabishana naye. Leo kasema hajui, na mimi nimeogopa."

"Mama, mguu wako umevunjika!" Armindo akamkumbusha.

"Umepona," akajibu, akaenda kufunga kuku wake.

Wengine wakamfuata, kwanza wawili, kisha nyumba nzima nzima, wakibeba masufuria na magunia kurudi juu shuleni, wakiulizana njiani wanakimbia nini. Mzee Zefanias akaikunja ratiba, akaenda kwenye mlingoti wa bendera. "Haya," akasema mwisho, "ya zoezi au ya kweli, rangi ni ile ile." Akaipandisha nyekundu.

Saa tisa alasiri maji yalikuja, ya rangi ya matope, na migomba mizima ikielea. Yaliingia nyumba za chini mpaka madirishani. Hakufa mtu. Armindo, aliyebaki kufunga karakana, alifika shuleni amelowa mpaka kifuani bila baiskeli hata moja, akapewa sima na samaki, akala.

Siku ya tatu Belmiro akafika kwa mtumbwi.

"Uliniuliza kama ni kweli, nikakwambia ndiyo."

"Nilikuuliza kama ni zoezi au ni kweli!"

"Mimi nilisikia 'kweli' tu. Na ningetajaje zoezi wakati maji yamenifika magotini?"

Felizarda alitaka kumpiga, akajikuta analia, na Belmiro naye akasimama pale hajui aweke wapi mikono yake.

Wiki iliyofuata Mzee Zefanias alimletea taarifa ya wilaya atie sahihi. Iliandikwa kwamba mpokeaji wa habari alitambua hatari mapema.

"Sikutambua kitu, mzee. Futa."

"Niandike nini?"

"Andika alichanganyikiwa."

"Wilayani hawawezi kulipokea neno hilo, binti yangu. Na watu wote wanasema ulijua."

"Wanasema hivyo?"

"Hata Armindo."

Alishika kalamu kwa muda, akijaribu kukumbuka kilichompitia moyoni pale mtoni, akaona wanawake wanaofua tu, na povu. Akatia sahihi. Hata alipokuwa akimalizia jina lake hakuwa na hakika kama anasema kweli.