Mashua Iliyotandikwa Mkeka

Mwenye mashua alipomwuliza jina, alisema, "Biasha," na ulimi ukamkwama kidogo, maana jina hilo lilikuwa limekaa siku nyingi bila kazi. Msambweni nzima ilimwita Mama Chiku. Marehemu mumewe alimwita Mama Chiku. Hata Chiku mwenyewe, akipiga simu kutoka Maskati alikoajiriwa, huanza kwa mzaha, "Hujambo, Mama Chiku?" Lakini leo hakutaka kuwa mama wa mtu wala mke wa mtu. Alitaka kupanda mashua kama mgeni mwingine yeyote, akae, atembezwe.

"Shikamoo, mama Biasha."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi naitwa Chirau. Nahodha ni mimi, mwongozaji ni mimi, na tukifika Funzi mpishi wa kaa ni mimi. Ukiwa na malalamiko, huna pa kuyapeleka."

Wageni wawili waliokuwa wamekwisha kaa walicheka. Walikuwa bwana na bibi kutoka Nairobi, wameoana juzijuzi, wangali wanashikana mikono hata wakinywa maji. Bwana aliitwa Lewis. Biasha aliwaamkia, akaketi kwenye ubao wa mbele peke yake, akakusanya buibui lake magotini. Pale pwani ya Bodo maji yalikuwa yanaanza kujaa, na mashua ilikwisha kuinuka mchangani.

Kilichomleta kilikuwa jambo moja. Mumewe, Abubakar, alifanya kazi hii ujana wake wote na utu uzima wake wote: kupakia wageni Bodo, kuwaingiza mlango wa mto Ramisi, kuwapitisha kwenye vijito vya mikoko, kuwaonyesha mamba na ndege, kuwalisha Funzi, kuwarudisha. Aliwapeleka Wajerumani na Wataliano. Aliwapeleka walimu wa Nakuru, masista wa kanisa, mabwana harusi, na mzee mmoja asiyeona, aliyetaka tu kusikiliza. Mkewe hakumpeleka hata siku moja. Mwaka jana, kabla ya masika, moyo wake ulisimama akiwa amekaa barazani, wakamzika alasiri ileile, na lile swali Biasha akabaki nalo kama mwiba uliovunjikia ndani: kwa nini mimi hakunichukua?

Alipokuwa hai hakumwuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema watu, lakini wao hawakuambiwa waulize lile. Kuna swali ambalo mwanamke akilitamka atakuwa amejivua nguo mwenyewe. Tena Abubakar hakuwa mtu wa kuulizwa. Nyumbani alikuwa mtu wa kurudi, kuoga, kuswali, kula na kulala. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, atakujibu, "Wallahu aalam," akiivuta ile "aalam" mpaka mazungumzo yaishe yenyewe.

Majirani hawakukosa la kusema. Walisema ana mke Bodo. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Basi siku za matanga Biasha alikaa jamvini akiwaangalia wanawake wanaoingia, mmoja mmoja, akimtafuta huyo wa Bodo. Na tusifiche, katika pembe moja ya moyo wake alimtamani aje. Angekuja wangelia wawili. Hakuja mtu. Eda ikaisha, nyumba ikawa kimya, akabaki na jibu la pili, lililo baya kuliko la kwanza: kwamba mumewe alimwonea haya. Yeye asiyejua Kizungu, mikono imekakamaa kwa kushona makuti, angemweka wapi mbele ya wageni wake?

Ndiyo maana leo alikuja. Alitaka akaone kwa macho yake kitu hicho ambacho kila mtu alifaa kuonyeshwa isipokuwa yeye.

Mashua ilikata maji ya kijani, ikapita fungu la mchanga lililobaki limetokeza mgongo tu, ikaelekea kwenye ukuta wa mikoko. Mke wa Lewis akageuka.

"Mama, umekuja peke yako? Wallai?"

"Nimekuja na Mungu."

"Aki pole. Sasa nani atakupiga picha?"

Biasha hakuwa amefikiria habari ya picha. Badala yake alipewa simu awapige wao. Akaishika kwa mikono miwili, akawatazama ndani ya kile kioo wakigusanisha vichwa, akabonyeza alipoelekezwa. Waliitazama, wakasema imetoka poa sana, wakamshukuru, kisha wakamsahau. Hakuwalaumu. Watu wawili wakitoshana huwa hivyo.

Wakaingia mtoni. Upepo ukakatika ghafla, kukawa na harufu ya tope na majani, na mizizi ya mikoko imesimama juu ya maji pande zote mbili. Biasha ni mzaliwa wa Gazi. Mikoko si kitu kigeni kwake, na kuogelea alijua kabla hajajua kufunga leso. Alikuwa akitazama huku na huku akitafuta hicho kikubwa alichonyimwa, akaona miti na maji. Akaanza kuona kwamba amejisumbua bure.

Kisha Chirau akapunguza mwendo, akaonyesha ukingo wa pili, mahali tope lilipokuwa na mfereji kama gogo limeburutwa.

"Pale ndipo anapoota jua mamba wetu. Lakini msiwe na wasiwasi. Mamba wa Ramisi hali watu. Huonja tu."

Lewis akaondoa mkono wake majini upesi. Biasha akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, na ilikuwa kitambo tangu acheke, hata akashika mdomo.

"Alikuwako mmoja," Chirau akaendelea, "alimshika Mzungu kiatu, akakionja, akakirudisha. Alikiona hakina chumvi. Kama ni kweli ama si kweli, wallahu aalaaam."

Biasha akaacha kucheka.

Ile "aalam" ilikuwa imevutwa vilevile, ikapinda mwishoni vilevile. Akamtazama Chirau vizuri: kijana wa makamo, mweusi, mfupi, hana hata sura moja ya Abubakar. Lakini sasa masikio yalikuwa yamezibuka. Alisikia namna alivyokohoa kidogo kabla ya kuanza kisa, kama Abubakar alivyokohoa kabla ya kila neno. Alisikia namna alivyosema "Bismillahi, shikeni ubao" kabla ya kukata kona. Akasikia visa: cha ndege mdiria aliyeposa mke kwa samaki mmoja akanyimwa, cha mkoko uliokataa kuhama, cha mgeni aliyemwuliza nahodha mto huu unazimwa saa ngapi. Vyote viliishia wallahu aalam. Vyote vilikuwa vya Abubakar, yule Abubakar aliyekuwa akirudi nyumbani na ndiyo na hapana.

Wivu ukamshika, na hakuwa na mtu wa kumwonea isipokuwa Wajerumani na Wataliano na wale masista. Wao ndio waliokuwa na mume. Yeye alikuwa akifua kanzu zake.

Walipofika mahali mto unapopinda, ambapo maji ya bahari yanayopanda hukutana na maji ya bara yanayoshuka, Chirau akazima mashine. Mashua ikakaa palepale, haiendi mbele wala nyuma. Kukawa kimya hata wakasikia kaa wakitembea kwenye tope.

"Hapa," alisema kwa sauti ya chini, "ndipo mahali pangu. Nikileta wageni hapa huwaeleza habari ya mke wangu."

Mke wa Lewis akakaa sawa. "Tuambie."

Chirau akakohoa kidogo.

"Nilipooa, siku fungate ilipokwisha, niliamka alfajiri nikaja pwani. Nikaiosha mashua ndani na nje, nikaisugua kwa mchanga mpaka harufu ya samaki ikatoka. Nikaazima mkeka mpya kwa mamangu, nikautandika pale mbele. Nikatia na mto wa kuegemea. Halafu nikarudi nyumbani, nikamwambia bibi harusi, twende nikakuonyeshe mahali maji mawili yanapoamkiana. Akainama, akaniambia: 'Mimi naogopa maji.'"

"Ala!" alisema Lewis.

"Ndivyo. Nami nimemwoa Gazi, baharini! Lakini mtu akikwambia anaogopa humburuti. Nikarudi pwani nikaukunja mkeka. Basi tangu siku ile, mke wangu kumtembeza siwezi, kazi yangu ni kutembeza wake za watu."

Wale wawili waliangua kicheko. Lewis akampiga mkewe bega, akasema jamaa ni noma. Biasha alikuwa ameshika ubao kwa mikono yote miwili.

Kwa sababu alikumbuka. Tena hakukumbuka polepole. Yalimjia yote pamoja, chumba, udi, hina iliyokuwa bado nyekundu miguuni. Bibi Husna, somo yake, alikuwa amemkalisha wiki nzima kabla ya harusi akimfunda. Na katika aliyomfunda: mwanamke aliyelelewa hasemi ndiyo mara ya kwanza. Ukikaribishwa chakula, umeshashiba. Ukiitwa matembezini, unaumwa na kichwa, unaogopa jua, unaogopa maji. Mume atakubembeleza, naye ndipo atakapojua ana mke si mzigo wa kuokota. Akikuuliza mara ya pili, itikia. Basi siku ile aliinama kama alivyofundwa, akasema alivyofundwa, na moyo ukimdunda kwa hamu. Akangoja aulizwe tena. Abubakar akatoka bila neno, naye akadhani amekwenda kazini.

Lile halikuwa jibu. Ilikuwa adabu. Alilisahau kama mtu anavyosahau mara ngapi amesema "nimeshashiba" kwenye nyumba za watu. Na mwenziwe akalibeba mpaka kaburini.

"Na sasa yuko wapi, huyo wife?" aliuliza mke wa Lewis akijifuta machozi ya kucheka.

Chirau akatabasamu kwa haya. "Kusema kweli, dada, mimi sijaoa. Kisa hiki nimekirithi kwa mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa akikisema kila safari, nasi tuliofunzwa naye twakisema vilevile. Wageni hukipenda sana. Ila yeye alikuwa na kipande mimi nisichokisema, kwa sababu kikiingia wageni hawacheki."

"Kipi?" Aliyeuliza ni Biasha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwuliza kitu.

"Alikuwa akisema: msimu huu ukiisha, nitamwuliza tena Mama Chiku. Pengine uoga umemtoka. Akisema hivyo kila msimu, nasi tukimcheka. Mzee, twamwambia, si umwulize leo? Naye akijibu, nikimwuliza akikataa tena, hapa mahali nitapaonaje?"

Maji ya bahari yalianza kuyashinda ya bara. Mashua ikajizungusha kidogo, taratibu, pua ikaelekea bara.

"Hakuogopa," alisema Biasha.

"Nani, mama?"

"Mama Chiku. Hakuogopa maji maishani mwake. Alifundwa akatae mara ya kwanza. Alikuwa akingoja aulizwe mara ya pili."

Chirau akamtazama. Alitazama buibui, mikono, uso ule ambao hakupata kuuona, maana siku ya mazishi wanaume walikuwa makaburini na wanawake ndani. Akavua kofia yake. Wale wa Nairobi walitazamana. Mke wa Lewis akaacha kutabasamu, na polepole akauachia mkono wa mumewe kana kwamba ni aibu kuushika.

"Mama, niwie radhi," Chirau akasema. "Lau ningalijua nisingalikisema. Wallahi sitakisema tena."

"Kiseme," alisema. "Utakapoacha kukisema, atakuwa hana pa kukaa. Ila usiseme aliogopa."

Akawageuzia mgongo, akatazama mbele, mahali maji ya rangi mbili yalipokuwa yakipapasana. Hapakuwa na ajabu yoyote. Palikuwa pazuri tu, pazuri kwa watu wawili. Machozi yakamshuka naye hakuyafuta, kwa kuwa majirani aliozoea kuwaficha hawakuwamo. Angekuwa na mtu wa kumgombeza, Abubakar kwa kutouliza tena, au Bibi Husna kwa kufunda nusu, au nafsi yake mwenyewe, pengine ingalikuwa nafuu. Lakini hakuna aliyekosa. Kila mmoja alikuwa na adabu zake.

Nyuma yake wote walinyamaza wakimngoja. Na katika kimya kile akaona ameulizwa mara ya pili. Aliulizwa kwa sauti ya mtu wa kukohoa kwanza, asiyejua kubembeleza, aliyesimama mlangoni na mchanga miguuni.

"Naam," akasema, kwa nguvu, mbele ya watu. "Twende."

Chirau akadhani anaambiwa yeye. Akavaa kofia, akavuta kamba, mashine ikawaka, na mashua ikaenda.