Kanda za Modesta

Kila Ijumaa alasiri Modesta alipachika kanda kwenye mashine, akanakili humo majina yote yaliyokuwa ndani ya kompyuta, kisha akaandika tarehe ubavuni kwa kalamu nyekundu. Kanda hiyo aliipeleka parokiani, ikafungiwa kwenye kasha la chuma. Ofisi yao hapo Mwanza iliorodhesha watoto wa wakimbizi waliopotezana na wazazi wao, na bosi wake, Revocatus, alipenda kuwaambia wageni, "Hata nyumba hii ikiungua, hakuna mtoto atakayepotea mara ya pili."

Kwa imani hiyo, Agosti 1996 walichoma fomu za karatasi zenye majina hayo. Mchwa walikuwa wameshaanza kuzila. Modesta ndiye aliyewasha kiberiti.

Katikati ya Novemba radi ilipiga, na kompyuta haikuwaka tena. Fundi alikuja na diski mpya, akaomba kanda. Ya wiki iliyopita ilikuwa tupu. Ya Oktoba, tupu. Akafungua mashine, akapitisha pamba mahali kanda inaposomwa. Pamba ikatoka nyeusi tii; uchafu huo ndio ulioizuia mashine kuandika chochote.

"Dada, umewahi kurudisha hata jina moja kutoka kwenye kanda hizi?"

"Mashine ilikuwa inaniambia imemaliza."

"Siyo nilichouliza."

Modesta akainamisha kichwa. Hakuwahi. Kanda ya mwisho yenye kitu ilikuwa ya Februari. Watoto zaidi ya elfu moja walioandikwa baada ya hapo hawakuwa popote. Kabla ofisi haijajipanga kuwaandika upya, ikaingia Desemba, na watu wakaanza kumiminika kutoka kambi za wakimbizi za Ngara kurudi nchini kwao.

Kilichomnyima usingizi Modesta kilikuwa mtoto mmoja. Siku mbili kabla ya radi alikuwa amemwona kwenye kioo cha kompyuta: binti wa miaka sita, kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, jina la mama Paskazia. Paskazia mwenyewe alikuwa amehifadhiwa na familia moja ya Butimba, hapo hapo mjini, na kila Jumatatu alifika ofisini kuuliza. Modesta alitaka kwanza kuhakikisha, asije akampa mama wa watu tumaini la bure. Sasa jina la kituo alikolelewa mtoto lilikuwa limemtoka kabisa.

"Mwambie bado tunatafuta," Revocatus aliagiza. "Ukweli utamsaidia nini?"

Jumatatu Paskazia alipoingia, Modesta alimwamkia, akamkalisha, akamweleza yote, mpaka kiberiti. Mama yule alisikiliza bila kupepesa macho.

"Ulimwona?"

"Niliona maandishi yake, mama. Picha haikuwepo."

"Kituo gani?"

"Sikumbuki. Nisamehe."

Paskazia alifunga na kufungua pindo la kitenge.

"Basi yuko hai," alisema mwishowe.

"Alikuwa hai siku hiyo."

"Ungeniambia siku hiyo hiyo, mwanangu, ningekwenda kwa miguu."

Hakupaza sauti. Aliinuka, akaomba maji, akanywa, akashukuru. Kesho yake alipanda basi la Ngara kumtafuta mwanawe, akienda kinyume na ushauri wa wenyeji wake. Modesta aliandika barua tatu kwa mapadri wa huko kumwulizia mama huyo. Mmoja tu ndiye aliyejibu, naye alisema akina mama wa namna hiyo walikuwa wengi barabarani.