Tumbo Linalopenda Moto

Mtaa wa Kataki, kando ya ziwa, ulimheshimu Mama Odile kuliko ulivyomheshimu komisera wa zone, mtawala wa serikali, na sababu ilikuwa sanduku dogo la mbao lenye vichupa vitatu. Komisera alipofoka, watu walipiga makofi kama walivyozoezwa siku hizo za Zaïre, kisha wakaenda zao. Lakini mtoto mchanga akijinyonganyonga kwa tumbo mpaka midomo ikabadilika rangi, hakukuwa na wa kupigiwa makofi. Kulikuwa na Mama Odile tu.

Dawa zake zote tatu zilikuwa za ukoo mmoja, magnezia. Karbonika ilikuwa ya watoto wanaonuka uchachu, wale wanaotapika maziwa yakiwa mabonge. Muriatika ilikuwa ya wanawake wenye choo kigumu na ini zito. Na fosforika, malkia wa sanduku, ilikuwa ya misokoto: tumbo la mwezi, jino, kichwa cha upande mmoja, msuli unaokaza. Vilikuwa vipunje vyeupe, vitamu, vya kuyeyusha katika maji ya moto na kunywa kijiko kwa kijiko. Siku ya dawa hunywi kahawa wala hujipaki kafuri, vinginevyo Mama Odile anakugombeza wewe na ukoo wako.

Aliyemfundisha ni mtawa mmoja Mbelgiji, Masœur Godelieve, kule Moba, Odile akiwa bado msichana wa kufua nguo za misheni. Mtawa alipozeeka na kurudi kwao, alimwachia sanduku. Vipunje vilipokaribia kwisha, Mama Odile alivilisha: alitia punje mpya za sukari juu ya zile chache za zamani, akatikisa, akaacha dawa iziingie zile ngeni. Hakukiacha kichupa kikauke, kama vile mpika munkoyo, kinywaji kile cha mahindi, anavyobakiza kidogo chini ya mtungi ili wa kesho uchachuke haraka.

"Odile," mtawa alizoea kusema, "usiulize ugonjwa unaitwaje. Uliza unapenda nini." Maumivu ya fosforika huja ghafla, humkunja mtu, na hupenda moto. Ukilikandamiza tumbo kwa mkono, mgonjwa anashukuru. Ukiweka kitambaa cha moto, anapumua. Tumbo linalopenda moto ni la dawa hii. Tumbo linalokataa moto na kukataa mkono, funga sanduku umpeleke mtu hospitali.

Mama Odile alilishika neno hilo kama amri ya kanisa. Tusimwonee, hakuwa mtu wa kubahatisha. Kabla ya kufungua kichupa alichovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akakibandika tumboni, akauliza, "Unasikia namna gani?" Nao wakajibu, "Iko muzuri, mama." Miaka nenda miaka rudi, iko muzuri, mama. Hakuwahi kujiuliza kwa nini Kataki nzima haikuwa na tumbo hata moja la kukataa moto.

Basi katika nyumba hiyo akaja mkamwana, Immaculée, kutoka Nyunzu. Aliolewa na Anatole, mtoto wa pekee wa Mama Odile, aliyefanya kazi kwenye treni ya Kabalo. Na treni ya Kabalo wakati huo ulijua siku ya kuondoka, ya kurudi ukamwachia Mungu. Kwa hiyo wanawake hao wawili waliishi zaidi wao kwa wao. Immaculée alikuwa mpole kupita kiasi. Kabla ya arusi shangazi yake alimkalisha mkekani akamfunda: "Kwa mama mukwe, kinywa ni cha kula na cha kuitika. Akikuuliza, jibu ni moja tu: iko muzuri, mama. Na siku atakukanda na maji ya moto kisha kuzaa, ukilia, umetuletea haya siye wote."

Kando ya ziwa hilo ndivyo ilivyo. Mwanamke akijifungua, mama mkwe humkanda kwa maji ya moto yanayobabua, na sifa yake ni kunyamaza. Anayepiga kelele husemwa kisimani mpaka mtoto aote meno. Mvumilivu hula mbivu, hatukatai. Ila yako mambo ambayo ukiyangoja sana hayaivi, yanaoza.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mvua, Immaculée alikuwa akichekecha unga wa muhogo. Chekecheo likamdondoka. Alijikunja, mkono tumboni, unga ukimwagika miguuni.

"Njo tumbo la mwezi?" aliuliza Mama Odile.

"Labda, mama."

Kila mwezi alikuwa akimtibu msichana huyu kwa fosforika, na kila mwezi dawa ilisifiwa. Kwa hiyo alitandika mkeka, akachemsha maji, akaweka kitambaa. Immaculée alifumba macho. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na vidole vya miguu vikajikunja.

"Unasikia namna gani?"

"Iko muzuri, mama."

Kichupa kikafunguliwa. Kutwa nzima Mama Odile alibadilisha kitambaa na kuhesabu vijiko, na kwa kweli moyoni alifurahi, kwa maana hakuna kinachompendeza mganga kama mgonjwa mtiifu. Immaculée alitoka mara moja kwenda nyuma ya jiko, akatapika, akafukia kwa majivu. Ngozi yake ilikuwa inaunguza. Mama Odile aliishika akadhani ni joto la kitambaa.

Kesho yake Mama Florentine, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja kuomba chumvi akamkuta msichana anakwenda uani ameinama, mkono mmoja ukutani.

"Mama Odile, huyu mutoto anatembea kama bibi kizee. Tusimupeleke hospitali?"

"Hospitali ni ya muntu asiye na watu," alisema Mama Odile, na ilimchoma kweli, kwa sababu watoto wote wa Florentine walikuwa wamekunywa dawa yake. "Mwulize mwenyewe."

Florentine akamwuliza. Immaculée aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Iko muzuri. Inapungua," alisema.

Mama Odile alimwangalia jirani yake kama mtu aliyeshinda kesi. Florentine akachukua chumvi yake akaondoka.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, nao hawakumjua msichana aliyeficha maradhi kwa sababu tu alilelewa vizuri.

Jua lilipofika utosini, Mama Odile alikwenda jikoni kuchukua maji mengine ya moto. Kandambili yake moja ilikatika kamba, akaziacha zote mbili jikoni, akarudi peku na sufuria. Ndiyo sababu hakusikika. Mlangoni alisimama.

Immaculée hakuwa mkekani. Alikuwa ametupa kitambaa cha moto mbali, akatambaa hadi pembeni penye mtungi wa maji, pale ambapo saruji huwa na unyevu siku zote. Alikuwa amelala kiubavu, amefunua tumbo, amelibandika kwenye sakafu ile baridi. Mdomoni alikuwa ameuma ncha ya kitenge, ameiuma kwa nguvu mpaka shingo imesimama mishipa, na hakuna sauti iliyotoka.

Sufuria iligonga mlango. Immaculée akashtuka, akajiburuta hadi mkekani, akakiokota kitambaa kilichokwisha kupoa, akakirudisha tumboni mwake, akakunjua uso. Mama Odile aliuona uso huo unavyopangwa, jicho kwanza, kisha midomo, kama mtu anayetandika kitanda kwa ajili ya wageni.

"Unasikia namna gani?" aliuliza. Sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Iko muzuri, mama."

Hapo Mama Odile aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu kufiwa na mumewe. Aliweka sufuria chini, akatoka mbio hadi kwa Florentine akiita toka uani.

Papa Edmond, mume wa Florentine, alikuwa na baiskeli ya kubebea ndakala. Waliondoa vikapu, wakafunga mto kwenye karia, wakampakia Immaculée na harufu ya samaki wakavu. Edmond alisukuma, na Mama Odile, aliyevaa kandambili za Florentine, alimshikilia msichana mgongoni. Kila shimo walilolipita alihisi mgongo ule unakakamaa chini ya mkono wake, na kila shimo alingoja kilio. Hakikuja. Alianza kukiomba. Lia, mwanangu, alisema moyoni, lia basi hata kidogo.

Hospitali ilikuwa imejaa, watu wamekaa mpaka ngazini. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimlaza Immaculée juu ya meza, akabonyeza tumbo upande wa kulia, chini.

"Inauma hapa?"

Immaculée aligeuza kichwa, akamtafuta mama mkwe wake kwa macho. "Kidogo tu, docteur. Iko muzuri."

Daktari akabonyeza tena, taratibu zaidi, akauliza tena, akapata jibu lile lile. Akaangalia mlango, pale walipokuwa wanamngojea wengine, baadhi yao wakipiga kelele za maumivu. "Akae kwenye banki," alisema, akionyesha benchi la ukumbini. "Kesho asubuhi nitamwona tena."

Mama Odile aliangalia macho ya mkamwana wake, ambayo bado yalikuwa yamemkazia yeye, yakingoja kusifiwa. Ndipo alipoelewa ni nani aliyekuwa amelikalia tumbo lile.

"Docteur, ngoja," alisema. "Miye nitoke."

"Kwa nini?"

"Nikiwa hapa hatasema. Miye njo ninamuzuia." Alikwisha kushika mlango. "Nikitoka, bonyeza tena. Bonyeza kwa nguvu."

Alitoka, akafunga mlango. Hakusimama hapo. Alitembea hadi mwisho wa ukumbi akizipiga chini kwa makusudi kandambili zile za kuazima, ili mtoto aliye ndani asikie kwamba mama mkwe amekwenda mbali, mbali kabisa.

Kilio kikaja. Kilipasua ukumbi, wanawake waliokaa kwenye banki wakafanya ishara ya msalaba. "Mama yangu weee! Mama, ninakufa!" Immaculée alikuwa akimlilia mama yake aliyemzaa, wa Nyunzu. Mama Odile aliegemea ukuta. Msichana yule alikuwa amekaa nyumbani kwake masika mawili, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake.

Walimpasua siku hiyo hiyo. Kidole tumbo kilikuwa kimekwisha kutoboka. Daktari alipotoka alikuwa na swali moja. "Nani alimuwekea moto kwenye tumbo? Ngozi imebabuka."

"Miye."

"Ugonjwa huu hautaki moto, mama."

"Ninajua," alisema Mama Odile, na kwa kweli alikuwa anajua tangu usichana wake.

Immaculée alikaa siku kadhaa kati ya huku na kule, homa ikimpanda na kumshuka. Anatole bado alikuwa Kabalo. Mama Odile alilala chini ya kitanda cha mgonjwa, kama jamaa wote wa wagonjwa, na mchana alipika uani pa hospitali kwenye mafiga ya kuazima. Homa ilipokata, alikoroga uji wa mahindi. Lakini mawazo yalimchukua, uji ukashika chini, na hakugundua mpaka moshi ulipomwingia machoni. Aliumimina bakulini hivyo hivyo.

Immaculée alikunywa kijiko kimoja. "Ni muzuri, mama," alisema.

Mama Odile alichukua kijiko, akaonja. Ulikuwa mchungu wa kuungua, haumezeki.

"Uji huu umeungua."

Immaculée alinyoosha mkono akitaka kijiko aendelee.

"Sema ni mubaya."

"Mama..."

"Sema, mwanangu. Heshima si utumwa. Ninakuomba."

Msichana aliangalia mlangoni kana kwamba shangazi yake angetokea. Kisha akanong'ona, "Ni mubaya, mama."

Mama Odile akacheka, na katika kucheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kitenge. Angeishia hapo ingekuwa heri yake. Lakini mlango ukishafunguka, mtu hutaka kuchungulia ndani.

"Na dawa yangu? Ile ninakupa kila mwezi?"

"Niseme kweli?"

"Sema."

"Haikunisaidia hata mara moja. Nilikuwa ninasema vile kwa heshima."

Mama Odile alilipokea hilo. Alikwisha kulitegemea. "Basi wewe ulikuwa mugeni," alisema. "Lakini wengine je? Mama Florentine, na watoto wake wote?"

Immaculée alikorogakoroga uji bila kuula. "Mama Florentine njo alinifundisha," alisema. "Juma la kwanza, pale kisimani. Alisema, akikuwekea moto, usimuvunje moyo. Siye wote tunajibu vile."

Wodi ilikuwa na kelele, watoto, mabakuli, mtu mmoja akikohoa. Mama Odile hakuzisikia. Alimkumbuka Pélagie, mke wa fundi viatu karibu na soko, aliyelala juu ya mkeka ule ule, kitambaa tumboni, akasema iko muzuri, mama, na ambaye walimzika kabla ya Jumapili. Siku ile Mama Odile alilia kwa uchungu kuliko wote, akawaambia watu kwamba alipoondoka duniani angalau hakuwa na maumivu.

Aliliondoa bakuli la uji, akaliweka chini. Kisha akanyoosha mkono, mkono mtupu, usio na kitambaa wala dawa, akauweka juu ya paji la uso la mkamwana wake.

"Unasikia namna gani?"

Immaculée alimtazama, akahakikisha kwamba ni swali kweli.

"Inauma, mama," alisema. "Inauma sana."

"Wapi?" aliuliza Mama Odile, akasogeza kiti karibu.